Karantini ya Waridi la Mwanarusi

Kabla mtu hajaniuliza ulikuwa wapi: nilikuwepo. Nilikaa mwisho wa benchi, upande ule wenye msumari uliotokeza, na suruali yangu mpaka leo ina tundu la ushahidi. Kila neno nitakalolisema nililisikia kwa masikio haya mawili, na lile moja lililomezwa na honi ya lori nilimwomba mwenyewe alirudie, akalirudia. Benchi lenyewe ni ubao wa ubavu wa lori la zamani, umelazwa juu ya mawe manne mbele ya bucha ya Rashid hapa Makutano, Meru. Kulia kwa bucha kuna lango la mabati ya buluu. Nyuma ya lango ndiyo nyumba ya Rashid, na mbele ya nyumba ndiyo bustani yenye hadithi hii. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, jua limekaza kana kwamba linalipwa kwa saa, maji ya mfereji yanakuja kwa zamu ya Jumanne na Ijumaa, na Rashid ameketi katikati ya benchi na kisu mkononi, hakati kitu.

Sasa, Rashid ni mtu wa miaka thelathini na miwili ya bucha. Mwonyeshe mkia wa ng'ombe atakuambia umri wake, tabia yake, na kama alipandishwa mlima siku ya kuchinjwa. Ng'ombe mzima humgawanya kabla kahawa haijapoa. Lakini siku hiyo alikuwa amekinoa kile kisu mara nne tangu alfajiri, na kila akifika langoni anageuka anarudi kuketi.

Shida yake ilikuwa hii. Mkewe, Mwanarusi, alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia vitu viwili: kiti katika Kikundi cha Maua cha Makutano, na waridi moja la kutambaa lililoishika baraza yote ya mbele. Rangi ya waridi hilo hakuna mtu mwingine anayo Meru nzima. Rashid husema ni rangi ya ulimi wa ndama, na kwake yeye hakuna sifa inayopita hiyo. Hulinywesha maji aliyooshea nyama, na kwa sababu hiyo paka wote wa Makutano hulala chini yake wakingoja lizae mbavu.

Kikundi kina watu kumi na wawili. Kila kiangazi, wakati shamba halina kazi, kila Jumamosi huenda kwa mmoja wao kutembezana bustanini na kunywa chai. Sheria ni moja tu, na Mwalimu Karimi, mwenyekiti, huitamka kama mtu anayesoma Amri Kumi: mgeni huchagua, mwenyeji hukata. Mgeni ananyoosha kidole kwenye mmea anaoutaka, na mwenyeji anamkatia kwa mkono wake mwenyewe, kwa kisu chake mwenyewe, bila kununa, aende akapande kwake. Na watu wa Makutano hawapendi kuitwa wachoyo, kwa hivyo mwenyeji hakati kijiti. Hukata tawi zima, kutoka shinani, linyanyuliwe watu walione.

Kwa viangazi viwili Rashid alikuwa amenyoosha kidole kila nyumba. Leo zamu ilikuwa yake. Wageni kumi na mmoja. Waridi, matawi tisa. Hesabu hiyo hata mtu aliyeacha darasa la sita akafuata mbuzi anaiweza.

— Unanoa kisu ama unakitoa dhambi? — aliuliza Muriuki.

Muriuki huyu tunamwita Mita. Kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na anaamini hakuna siri ya binadamu isiyopitia kwenye mfereji.

— Wote watachagua lile, — Rashid akasema. — Nawajua. Zuleka ameshalipiga picha mara tatu. Mwenda amechimba shimo kwake.

— Amechimba shimo kabla ya kupewa mti?

— Na samadi ametia.

— Huyo si jirani, — akasema Mahmood, akimimina kahawa. — Huyo ni mchimba kaburi.

Mahmood ndiye Birika. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi ya kumwamsha aliyezirai, na maneno yake huja bure na kila kikombe.

— Wakichukua matawi tisa na jua hili, linakufa, — Rashid akaendelea. — Nikikataa, jina linafutwa. Na hicho kiti si changu. Ni cha mama Aminah. Nitasimama kwa Mungu nimwambie nini, nilikipoteza kiti chako kwa sababu ya uchoyo wa ua lako?

Birika akamjazia kikombe.

— Hiyo ni rahisi sana, — Mita akasema. — Leo unafua nguo. Unatandika mashuka juu ya waridi, na mablanketi. Wakifika wanaona nguo zimeanikwa.

— Matawi tisa, mashuka kumi na manane?

— Sema ulipata wageni.

— Wageni wa kulala mashuka kumi na manane, na mimi mjane wa kiume? Mwalimu Karimi atanifukuza kwa kosa lingine kabisa.

— Jenga ukuta, — Birika akasema.

— Ukuta gani tena?

— Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa uliziba?

— Ufa upi?

— Hukuziba. Basi jenga ukuta. Methali imekupa ruhusa.

— Birika, hawa watu wanafika saa nane. Sasa ni saa sita na nusu.

— Wahenga hawakusema saa.

Mita akaweka kikombe chini, ishara kwamba sasa anasema kama mtu wa serikali.

— Nisikilizeni. Mimi nimekaa na maji miaka kumi na tisa. Waridi limekaa pale miaka mingapi?

— Kumi na minane, kumi na tisa.

— Mizizi ya waridi la miaka kumi na tisa imefika wapi? Imefika kwenye bomba kubwa. Imeingia ndani. Imelikumbatia hilo bomba kama mtoto na mama yake. Saa hii, Rashid, waridi lako ndilo linaloshika maji ya Makutano yote. Ukikata tawi moja juu, mzizi mmoja chini unalegea. Ukikata tisa, bomba linafunguka, na maji yanaruka mpaka Ruiri.

— Ruiri ni mbali, Mita.

— Presha huijui wewe.

— Na kama waridi linashika maji, mbona mimi sina maji?

— Kwa sababu linayashika! — Mita akapiga ubao, msumari wangu ukaruka pamoja nami. — Maji yakimwagika hayazoleki. Kwani unafikiri mita zilitengenezwa kwa nini?

Hapo ndipo alipofika Kathuri, na gambuti zake nyeupe na koti lake lenye mifuko mingi kuliko mahitaji. Kathuri hudunga ng'ombe sindano katika soko la Ruiri, hana cheti ninachokijua, lakini pia sijui ng'ombe aliyelalamika. Tunamwita Sindano. Yeye mwenyewe husema aliwahi kumdunga fahali akiwa upande wa pili wa ua wa seng'enge, kwa kusikia pumzi tu.

Wakamweleza. Akasikiliza yote akiwa amesimama, kwa sababu daktari haketi kabla ya kujua mgonjwa ni nani.

— Mnamtibu mtu asiye mgonjwa, — akasema mwishowe. — Dawa ya moto ni moto. Dawa ya kikundi ni ugonjwa.

— Ugonjwa gani?

— Karantini.

Neno hilo lilianguka kwenye benchi kama kilo mbili za nyama kwenye mizani. Kila mtu Meru anajua karantini. Soko la mifugo linafungwa, ng'ombe hatoki, ng'ombe haingii, hata mzee mwenye sauti hawezi kupita na mbuzi wake. Hakuna anayeuliza zaidi.

— Tunalitia waridi karantini, — Sindano akasema. — Kitu kikiwa karantini hakikatwi, hakishikwi, hakihamishwi. Sheria ya kikundi inasema nini kuhusu karantini?

— Haisemi.

— Basi mimi nimeshinda.

— Lakini lina ugonjwa gani, Sindano? — Rashid akauliza, na mimi niliona jicho lake limepata mwanga kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Ule tulio nao sokoni. Miguu na midomo.

Mita akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Ua lina miguu?

— Mizizi ni nini?

— Na midomo?

— Asubuhi halifunguki? Jioni halifungi? Kitu kinachofunguka na kufunga kina midomo, bwana Mita. Hata mfereji wako una mdomo, na hauna hata aibu.

Rashid akaingia ndani ya bucha akatoka na karatasi ya khaki ya kufungia nyama. Sindano akachomoa kalamu ya wino mwekundu kutoka mfuko wa tano wa koti, akaandika juu ya goti, kwa herufi kubwa, ulimi ukiwa nje:

KARANTINI. WARIDI HILI LIMESHIKWA NA UGONJWA WA MIGUU NA MIDOMO. NI MARUFUKU KULIKATA, KULISHIKA AU KULIPITISHA SOKONI. KWA AMRI.

— Amri ya nani? — Birika akauliza.

— Amri tu. Amri ikitaja mtu, watu wataenda kumwuliza.

Wote tukakubali kwamba hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyeiva. Hata Birika aliyetaka ukuta akasema karatasi ni ukuta mwembamba.

Rashid akaichukua ile karatasi, akachukua na kulabu moja ya kuning'inizia nyama, akafungua lango. Tulimwona kwa uwazi wa mabati. Akatoboa karatasi, akaitundika kwa kulabu kwenye tawi la katikati, tawi nene kuliko yote, ambalo lilikuwa na maua matano yaliyofunguka na moja linalojifikiria. Wakati wa kuirekebisha, mwiba ukamchoma kidole gumba. Akasimama hapo. Akanyonya kidole. Alikuwa ametundika karatasi za bei kwenye kulabu maelfu ya mara, za mifupa, za maini, za matumbo. Hii ilikuwa ya kwanza kana kwamba inamtazama yeye mwenyewe. Paka mmoja aliinua kichwa, akaona kulabu haina nyama, akalala tena.

Aliporudi, simu ikalia. Hakuhitaji kuiweka karibu na sikio. Sauti ya Mwalimu Karimi ilifundisha watoto sitini bila kipaza sauti.

— Baba Aminah! Tuko hapa kwa kinu cha posho, tunashuka kwa miguu. Maji ya chai yawe yamechemka. Mwenda ana haraka kama mtu wa mahari!

— Karibuni, Mwalimu, — Rashid akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu wa kifua kama kile.

— Usiogope, — Sindano akamwambia. — Wakiuliza, nitatokea. Nitasema nimechukua sampuli.

— Na wasipoamini, — Mita akadakia, — mimi nitasema ugonjwa ulipitia kwenye maji.

— Na mimi, — Birika akasema, — nitawakumbusha: mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa wanakuja siku ya kwanza. Mpaka Jumatatu hawana haki ya kuondoka na kitu.

— Sindano, lakini karantini inakwisha lini? — Rashid akauliza.

— Haikwishi. Nikiona inaelekea kwisha, naongeza homa ya mapafu. Baadaye kimeta. Tukifika kichaa cha mbwa, hata jina la barabara hii litakuwa limebadilishwa, na waridi bado limesimama. Mtoto wa mtoto wako atazaliwa alikute karantini.

— Na likitoa machipukizi?

— Nayo yatazaliwa wagonjwa. Wazazi wao si wagonjwa?

Wakati huo wote kulikuwa na mama mmoja amesimama karibu, na sisi hatukumwona vizuri kwa sababu ya kelele zetu wenyewe. Alikuwa ameleta magunia ya ndengu kutoka Ishiara, kule chini kwenye joto la Mbeere, Embu, ameyamaliza kwa mwenye duka la nafaka, sasa anangoja gari la kurudi lijaze. Akasema jina lake ni Nelius, akaomba kikombe. Birika akampa. Mimi nikamsogezea nafasi, si ile ya msumari, msinifikirie vibaya.

— Nimesikia mna mgonjwa, — akasema.

Sindano akakunja uso wa kidaktari.

— Kesi ngumu, mama. Miguu na midomo.

— Ya ng'ombe?

— Ya waridi.

Mama Nelius akanywa kahawa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona mahindi yakikauka misimu mitatu mfululizo na bado akapanda wa nne. Hakucheka. Akainama akaangalia kwa uwazi wa lango, akaiona karatasi yenye wino mwekundu, na maua, na paka.

— Ni zuri, — akasema. — Ni la nani?

— La marehemu mke wangu, — Rashid akajibu. — Ndiyo maana sitaki likatwe. Ni yeye aliyelipanda.

— Pole, baba.

— Ahsante.

— Na yeye alilitoa wapi?

Aliuliza tu, jinsi mtu anavyouliza umetoa wapi hizi ndizi. Halafu akarudi kwenye kikombe chake.

Mita akafungua mdomo.

— Alilitoa… si dukani, — akasema.

— Wakati ule duka la maua halikuwepo, — Birika akasema. — Alilitoa kwao?

— Kwao ni Isiolo, — Rashid akasema polepole. — Kwao kulikuwa na mchongoma peke yake.

— Labda lilijiotea, — Sindano akajaribu.

— Lilijiotea kwenye baraza ya mchinjaji?

— Nasema labda.

Wakamgeukia Rashid wote. Mtu huyu alijua kila ubavu wa ng'ombe kwa nambari. Alijua ni nani Makutano anakula maini na anasema hayali. Alikaa na mwanamke yule miaka ishirini na saba. Na hapo kwenye ubao ule, mbele ya watu wanne na mgeni mmoja, akagundua kwamba hakuwahi kumwuliza.

Alichokumbuka, na akatusimulia pale pale, ni mswaki.

Ilikuwa kiangazi kama hiki, Aminah bado anajifunza kusimama. Mwanarusi alirudi nyumbani kutoka mahali fulani, matangani au harusini, Rashid alikuwa anahesabu ngozi hakuuliza. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye pindo la leso, pindo limeloa. Asubuhi yake Rashid aliamka, akaona kwenye kikombe karibu na mtungi kijiti kimesimama ndani ya maji, kijani, kirefu kama shubiri moja. Akadhani ni mswaki. Akakitia mdomoni akauma. Mwiba ukamchana mdomo wa chini. Mwanarusi alicheka mpaka akaketi sakafuni, mtoto akacheka kwa sababu mama anacheka, na yeye Rashid akasimama na damu kidevuni akiuliza mswaki gani huu wa kishetani.

— Hicho si cha meno, — Mwanarusi alimwambia. — Hicho ni cha kungoja.

Na kitu kimoja zaidi alikumbuka, kwa sababu jicho la mchinjaji halisahau. Ncha ya kile kijiti ilikuwa imekatwa mshazari, safi, mkato mmoja. Mkato wa mtu anayejua kisu, na ambaye hakununa.

— Rashid, — Birika akamwita. — Rashid, wamefika.

Walikuwa wamefika kweli. Mwalimu Karimi mbele na kofia ya jua kubwa kama ungo, Zuleka na simu yake tayari, Mwenda na mfuko wa plastiki uliotobolewa chini kabisa, na wengine nane nyuma yao, kila mmoja na zawadi ya miche kwenye mikebe. Wakasalimia benchi, wakapita langoni kama maji ya Ijumaa. Sisi tukasimama nyuma yao, kwa sababu hakuna aliyetukataza.

Mwalimu Karimi akafika kwenye waridi. Akaiona karatasi. Akaisoma yote kwa sauti, kutoka KARANTINI mpaka KWA AMRI, bila kuruka neno, kama anayesoma barua iliyokamatwa darasani.

Akamgeukia Rashid.

— Baba Aminah, — akasema. — Waridi lako lina miguu?

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Zuleka. Wa pili sijui, kwa sababu baada ya hapo walicheka kwa pamoja, na Mwenda akauliza kama lina kwato pia. Rashid aligeuka kumtafuta daktari wake. Sindano alikuwa ameona kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake, anakichunguza. Mita alikuwa anasoma mita ya maji ukutani, mita ambayo aliisoma juzi.

— Daktari ni nani hapa? — Mwalimu akauliza.

— Alitoka, — Sindano akasema.

Rashid hakucheka na hakukasirika. Akatoa kulabu, akaishusha karatasi.

— Mwalimu, — akasema, — kabla hatujaanza. Wewe ulikaa na mama Aminah kwenye kikundi tangu mwanzo. Hili waridi alilitoa kwa nani?

Mwalimu Karimi akafungua mdomo na imani yote ya mtu aliyezoea kujua.

— Kikundi kilipoanza alikuwa nalo tayari, — akasema. — Sikumwuliza. Zuleka?

— Mimi nilifikiri wewe unajua.

Wakatazamana wale watu kumi na mmoja wa maua, wanaojua jina la kila jani na la kila shangazi, na hakuna aliyejua. Kuna mtu mahali fulani, mwaka wa kiangazi, alisimama mbele ya waridi lake akamkatia mke wa mchinjaji kijiti cha shubiri moja. Hata jina hakuacha.

— Haya, — Rashid akasema. — Chagueni.

Vidole vikanyooka. Vyote upande mmoja, kama alivyosema. Cha Mwenda kilifika kwanza.

Rashid akashika tawi la kwanza. Akapima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, jinsi anavyopima mbavu za mteja mwenye familia kubwa. Akakata. Mshazari, mkato mmoja. Akapima tena, akakata. Akapima tena, akakata. Tawi moja likatoa vijiti vitatu, kila kimoja kirefu kama mswaki.

— Hiki tu? — Mwenda akauliza, akikigeuza. — Si tawi?

— Hicho ndicho kipimo.

— Kipimo cha nani?

— Cha mwenye waridi. Alianza na hicho hicho, na mimi nilikiuma, kikamea.

— Lakini sisi huwa tunakata kutoka shinani!

— Mwenda, — Rashid akasema, na sasa kifua kilikuwa kimerudi mahali pake, — mimi nimegawa mbuzi mmoja kwa harusi ya watu mia mbili, na hakuna aliyelalamika ila mbuzi. Kwangu umewahi kuona mtu akija kununua nyama nampa mguu mzima na kwato? Miaka yote hii tunapeana miguu mizima, halafu tunashangaa nyumba za watu zinabaki uwanja mtupu.

Mwalimu Karimi akamtazama. Halafu akatoa daftari lake la kikundi akaandika kitu, na kwa mwandiko ule najua hakikuwa cha kumfuta mtu.

Matawi manne yakatosha. Vijiti kumi na viwili. Matano yakabaki yamesimama kwenye baraza, na lile la katikati lenye ua linalojifikiria halikuguswa. Mita alihesabu mara mbili, akasema yeye ndivyo alivyokuwa akimaanisha tangu mwanzo, kuhusu presha.

Kijiti cha kumi na mbili Rashid alikishika mkononi akatoka nacho nje ya lango. Mama Nelius alikuwa bado kwenye benchi, gari lake halijajaa.

— Mama, wewe pia ni mgeni. Lakini hukuchagua.

— Mimi si wa kikundi, baba.

— Yule aliyemkatia mke wangu naye hatujui alikuwa wa kikundi gani.

Mama Nelius akaangalia kwa uwazi wa lango kwa muda, kama mtu sokoni ambaye hataki kuonekana ana tamaa. Akanyoosha kidole. Rashid akaichukua ile karatasi ya khaki yenye wino mwekundu, akaichovya kwenye ndoo ya maji ya kuoshea nyama, akakifunga kile kijiti ndani yake vizuri, kama anavyofunga nusu kilo ya steki, akampa kwa mikono miwili.

— Kwetu ni joto, — akasema mama. — Sijui kama kitashika.

— Si cha kushika. Ni cha kungoja.

Sindano, ambaye sasa alikuwa amerudi kutoka alikokuwa ametoka, akasema kwa sauti ya kuumia kwamba mzigo ule unavunja karantini na hauwezi kisheria kuvuka mpaka kuingia Embu. Mama Nelius akamwambia akimkuta mtu barabarani atamwonyesha amri, si imeandikwa hapo nje? Birika akainua birika amwongeze kikombe cha safari. Likatoka tone moja na kipande cha tangawizi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua imekwisha saa ngapi.

Basi lile waridi likafika Ishiara. Likapandwa karibu na mlango, likafunikwa na sufuria iliyotoboka mchana wa jua kali, na mvua za mwezi wa nne zilipokuja lilichanua ua moja, rangi ya ulimi wa ndama, watu wakatoka sokoni kuja kuliangalia.

Hapo pa kuchanua nimeweka mwenyewe. Yote mengine ni kama nilivyoona, lakini ua bado. Nilipita Ishiara wiki iliyopita nikabisha hodi nikaonyeshwa: lina majani matatu na nusu. Nusu nyingine alikula mbuzi.